SOMO LETU: Kupima Kipoza Moshi cha Injini



Vikundi vingine vina pikapu ya dizeli ya kubeba maziwa au mboga. Injini nyingi za siku hizi zina kipoza moshi. Maji ya radieta hupoza sehemu ya moshi wa ekzosi kabla haujarudishwa ndani ya injini, ili hewa chafu itokayo ipungue. Masizi yakikiziba, kazi hiyo haifanyiki. Kikitoboka, maji huingia kwa injini na kuiharibu. Kwa hivyo msitoe pesa za kikundi kununua kilichotumika kabla ya kukipima.

Wengi hupima joto peke yake. Sasa sikizeni: kipoza kilichoziba hupitisha moshi kidogo, na moshi kidogo hupoa upesi, kama chai ya kikombe ipoavyo kabla ya ile ya sufuria. Kibovu kitaonekana kizuri! Lazima kupima pia wingi wa hewa inayopita.

Namna ya kupima:

1. Tumieni hewa baridi ya blowa, kipoza kikiwa mezani. Msitumie moshi wa injini. Una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua.

2. Ndani ya paipu ya kutoka kwa blowa hadi kwa kipoza, wekeni bati lenye tundu moja katikati.

3. Kunjeni mpira mwembamba unaoonyesha ndani kama herufi U, mtie maji nusu. Ncha moja iingie kwa paipu kabla ya bati, nyingine baada yake. Maji yatapanda upande mmoja. Pimeni tofauti kwa rula.

4. Anzeni na kipoza kizima cha aina ile ile, kisha chenu. Hewa ikiongezeka mara mbili, tofauti ya maji huongezeka mara nne. Basi kizima kikionyesha sentimita 8 na chenu 2, chenu kinapitisha nusu, si robo.

5. Zamisheni kipoza katika beseni la maji. Zibeni mdomo mmoja wa njia ya maji, mwingine mtie hewa taratibu kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yakitoka njia ya moshi, kimetoboka. Msikinunue.

Maswali ya kujadiliana:
- Kwa nini kupima joto peke yake hakutoshi?
- Someni Mithali 11:1 juu ya mizani. Je, kipimo cha nusu kinaweza kudanganya kikundi?