Tujifunze: Mafuriko, Mimea na Mpango wa Kaunti

Mkazi wa Mwihoko anaujua udongo mweusi. Wakati wa kiangazi hupasuka. Mvua ikizidi huvimba na kujifunga, maji yakabaki juu. Tukijenga kwa kubanana, tukatia saruji uani na kuziba mikondo, maji hayo huingia nyumbani. Mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Kiambu haikusalimika.

Wengi huomba mitaro ya saruji. Mitaro inahitajika, lakini kazi yake ni kuyahamisha maji. Yakiondoka kwako haraka, humfikia jirani wa bondeni kwa mkupuo mmoja. Mimea hufanya kazi nyingine: nyasi na miti ya kienyeji kandokando ya mto hupunguza kasi ya maji, mizizi hushika udongo, na kinamasi hupokea maji ya ziada na kuyaachilia polepole. Hapa Kiambu, kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu ndicho chanzo cha Mto Nairobi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima na kujenga kandokando ya mto, kwa upana wa mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa.

Haya huingiaje katika mipango ya serikali? Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti kujumuisha hatua za tabianchi katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo (CIDP). Mpango wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kila mwaka huandaliwa mpango wa mwaka, unaopaswa kufika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufuata, mwisho wake Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kinamasi kisichotajwa katika mpango hakitengewi pesa, na ni rahisi kukiona kama kiwanja kitupu.

Kwa hivyo, ukihudhuria kikao cha wadi:

1. Taja mahali hasa, na maji hutoka wapi kwenda wapi.
2. Taja kazi inayotakiwa: kupanda, kuzibua au kuzuia ujenzi.
3. Taja kikundi kitakachotunza miche. Mche usio na mwenyewe hukauka.
4. Wasilisha pendekezo kwa maandishi na ubaki na nakala.

Mwihoko maana yake ni tumaini. Tulitengee fungu katika bajeti.