Kupambanua Hitilafu ya Chipuseti na Kasoro ya Kiendeshi

Kompyuta ya shule ikwamapo mjini Katesh, wilayani Hanang, mwalimu hukabiliwa na uamuzi wenye gharama. Safari ya kuifikisha Arusha inazidi kilomita 200. Ikiwa kasoro imo katika programu, nauli hiyo ni hasara. Ikiwa imo katika bodi kuu, kuendelea kubandika viraka vya programu kwaweza kupoteza alama za wanafunzi zilizohifadhiwa humo. Hali ni hiyo hiyo wilayani Mbulu. Yafaa basi kujua namna ya kupambanua mambo haya mawili.

Maana ya maneno

Chipuseti ni sehemu ya silikoni iliyomo katika bodi kuu, ambayo hupitisha habari kati ya prosesa na diski, milango ya USB na vifaa vinginevyo. Kiendeshi, ambacho mafundi hukiita draiva, ni programu inayouwezesha mfumo endeshi, kama vile Windows au Linux, kuwasiliana na kifaa fulani. Kiraka ni programu ndogo inayotolewa ili kusahihisha kasoro iliyogunduliwa.

Mifano miwili

Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, Marekani, aliona kuwa hesabu zake za namba tasa pacha hazilingani. Aliondoa shaka moja baada ya nyingine: kwanza makosa ya programu yake, kisha chipuseti ya bodi, hata ikabaki prosesa yenyewe, aina ya Pentium. Prosesa hiyo ilipogawanya 4195835 kwa 3145727 ilitoa 1.33373907, ilhali jibu sahihi ni 1.33382045. Programu ziliweza kuandikwa ili kulikwepa kosa hilo, lakini silikoni ilibaki na kasoro yake.

Tarehe 31 Januari 2011 kampuni ya Intel ilitangaza hitilafu katika chipuseti zake za 6 Series. Milango minne ya diski ingeweza kudhoofika kadiri muda unavyopita. Milango miwili yenye kasi zaidi ilikuwa salama. Hapakuwa na kiraka cha kuiponya. Mtumiaji aliweza kuhamishia diski kwenye mlango salama, lakini dawa kamili ilikuwa kubadilishiwa bodi.

Hatua za uchunguzi

1. Nakili kwanza kazi zote muhimu kwenye diski nyingine.

2. Angalia kasoro hutokea wakati gani. Ikiwa hujitokeza kabla mfumo endeshi haujaanza kupakiwa, kiendeshi cha mfumo huo hakihusiki.

3. Uliza ni jambo gani lililobadilika. Ikiwa kasoro ilianza mara baada ya kuweka kiraka, rudisha kiendeshi cha awali.

4. Washa kompyuta kwa mfumo wa Linux uliomo katika flashi. Kasoro ikitoweka, shaka huangukia mfumo wa awali, viendeshi vyake au diski uliomo. Ikibaki vile vile, shaka huangukia vifaa.

5. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Vumbi huzuia joto kutoka. Lile litokalo kando ya maji ya chumvi, kama Ziwa Balangida, hudhuru zaidi, kwa kuwa chumvi ikipata unyevu hupitisha umeme na kula shaba.

6. Badilisha waya, mlango na vipande vya kumbukumbu, kimoja kimoja. Vikibadilishwa viwili kwa pamoja, haitajulikana kipi kilichoponya.

7. Kiraka kichukuliwe kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa mfumo endeshi, baada ya kusoma jina na namba ya modeli.

Kila hatua na matokeo yake viandikwe daftarini. Iwapo mashine italazimika kupelekwa kwa fundi, daftari hilo litampunguzia kazi na kuipunguzia shule gharama.

Zoezi

(a) Kompyuta imeshindwa kutoa sauti tangu ilipowekewa kiraka jana. Ikiwashwa kwa flashi ya Linux, sauti hutoka. Je, bodi ibadilishwe? Toa sababu.

(b) Zidisha kila moja ya yale majibu mawili ya Pentium kwa 3145727. Jibu lenye kosa limepungukiwa na kiasi gani kutoka 4195835?

(c) Kwa nini hatua ya kwanza hutangulia nyingine zote?