Matembezi ya jioni Kitengela: Tazama unapokanyaga

Wakazi wengi wa Kitengela na Kajiado hukaa kwenye gari au kiti cha ofisi kutwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano, yatosha.

Jioni nyikani kuna mengi ya kutazama. Mbuga ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini uliachwa wazi, na nyumbu na punda milia wakawa wakivuka kuja malishoni Kitengela. Ua na majengo yamewabania njia, lakini ukibahatika utawaona swala au twiga. Watazame kutoka mbali. Chunguza pia migunga midogo ya udongo mweusi: vinundu vyake ni makao ya sisimizi wadogo wanaoulinda mti, na upepo ukipita kwenye matundu yake hupiga mbinja.

Lakini wengi huinua macho kumtafuta twiga na kusahau miguu. Nyoka wengi hukimbia wakisikia hatua. Kifutu, ambaye wengine humwita moma, hulala tuli, rangi yake ikifanana na majani makavu. Huuma anapokanyagwa, na giza ndiyo saa yake ya kuwinda.

Kwa hivyo toka saa kumi na moja, urudi kabla ya saa kumi na mbili unusu. Vaa viatu vilivyofunika vifundo na suruali ndefu. Beba tochi. Usitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe. Watoto wasichume matunda wasiyoyajua: msunguti, ambao utomvu wake ulipakwa kwenye mishale ya sumu, humea pia Kajiado.

Mtu akiumwa, fanya hivi:

• Mwondoe karibu na nyoka, umtulize. Usimfukuze nyoka ili kumwua.

• Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba.

• Funga gango kwenye mguu au mkono ulioumwa ili usitikisike. Abebwe, asitembee.

• Mpeleke hospitali mara moja. Si kila zahanati iliyo na dawa ya sumu ya nyoka, hivyo piga simu kwanza mkiwa njiani.

Usichanje, usifyonze, usikaze kamba, wala usitegemee jiwe jeusi. Kamba huweza kuua nyama ya mguu ambayo sumu ingeiacha. Asipewe pombe wala aspirini.

Swila akitema sumu machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi bila kusugua, kisha umwone daktari.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka miongoni mwa maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Wewe usilipuuze. Jua leo, kabla ya kutoka, ni hospitali gani iliyo karibu nawe yenye dawa hiyo.