Somo la Vikundi: Safari Moja, Kikapu Kimoja

Likizo inakaribia na vikundi vingi vimeanza kuweka akiba ili kuwapeleka watoto matembezi. Wengine wanakwenda Mombasa kuona bahari na bustani ya wanyama ya Haller Park kule Bamburi. Ni jambo jema. Mtoto wa bara aliyemjua kiboko kwa kitabu tu, akimwona kwa macho yake, hasahau. Lakini katika somo hili hatutazungumza juu ya nauli. Tutajifunza jambo ambalo wengi wetu husahau mpaka basi limeshaondoka, yaani namna ya kushirikiana chakula na vifaa vya safari.

JINSI TULIVYOKOSEA

Safari yetu ya kwanza tulikuwa familia 9, watu 38, wakubwa kwa wadogo. Kamati ilitangaza kanisani: kila mtu abebe chakula chake na vyombo vyake. Tukadhani kazi imekwisha. Tulipofika na kufungua mizigo, kumbe tuna sufuria kubwa 6 na mwiko mmoja tu! Themosi zilikuwa 7, lakini mtungi wa maji ulikuwa mmoja. Dawa ya kuumwa kichwa ilikuwa na watu watano, bandeji hakuna hata moja, na siku hiyo hiyo mtoto akajikata mguu.

Hayo ni madogo. Saa ya chakula cha mchana familia moja ilifungua kuku na chapati, nyingine mkate na soda. Mama mmoja mjane alikuwa na watoto wanne, na viazi vitamu alivyobeba vilikuwa vimekwisha njiani asubuhi. Aliwaita watoto wake akawaambia waende wakatazame kobe. Walitazama kobe mpaka sisi tulipomaliza kula. Hakuna aliyewanyima chakula, lakini pia hakuna aliyewauliza. Safari iliyofuata mama huyo hakujiandikisha. Tulipokwenda kumwona alisema watoto wameshaona wanyama, inatosha. Tulielewa.

Basi tukakaa chini tukajiuliza, je, shida ilikuwa umaskini? Hapana, kwa maana siku ile wali na mkate ulitupwa. Chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni mpango.

NENO LA MUNGU

Soma 1 Wakorintho 11:20-22. Wakristo wa Korintho walikutana mahali pamoja, lakini kila mtu akatangulia kula chakula chake. Mmoja alilewa, mwingine akabaki na njaa. Paulo anawakemea kwa sababu waliwaaibisha wasio na kitu. Tuangalie vizuri hapo: kosa halikuwa njaa peke yake, lilikuwa pia aibu.

Halafu soma Wagalatia 6:2 na 6:5. Mstari wa kwanza unatuambia tusaidiane mizigo. Wa pili unasema kila mtu atabeba mzigo wake. Wengine huona maneno haya yanapingana. Sisi tuliyaona yakitufaa sana katika kupanga safari, kwa maana kuna vitu vya kubeba pamoja, na kuna vitu ambavyo kila nyumba lazima ijibebee.

ORODHA TATU

Chukueni daftari, mwandike orodha tatu wiki nne kabla ya kusafiri.

1. Vitu vya wote. Hapa weka maji, chakula, chumvi, sukari, majani ya chai, makaa, kiberiti, sabuni, na sanduku la huduma ya kwanza. Hivi hununuliwa au hukusanywa pamoja na kutumiwa na wote.

2. Vitu vya kuazimana. Ni sufuria, mwiko, karai, visu, mitungi, themosi na mikeka. Kila kitu kiandikwe jina la mwenyewe kwa rangi au kifungwe kitambaa. Daftari lionyeshe kilitoka kwa nani, kikiwa katika hali gani, na kilirudishwa lini.

3. Vitu vya kila nyumba. Ni miswaki, taulo, nguo, nepi, chupa ya mtoto, neti ya mbu, na dawa ambazo mtu ameandikiwa na daktari. Hivi haviazimwi. Dawa ya jirani si dawa yako, hata kama homa inafanana. Sisi wa sehemu za baridi tukumbuke kwamba Pwani kuna malaria, nayo huonekana mara nyingi siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, wakati mtu ameshafika nyumbani. Akishikwa na homa apelekwe kupimwa, na aseme kwamba alikuwa Pwani.

HESABU YA MAJI NA CHAKULA

Msikisie. Pigeni hesabu. Tulikubaliana lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku. Watu 38 mara 2 ni lita 76, kwa hiyo mitungi minne ya lita 20 inatosha. Maji yachemshwe na kupozwa, na kila mtu awe na kikombe chake. Tena hii inatuepusha na taka. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku hapa Kenya, na tangu Juni 2020 chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika mbuga za taifa, misitu na ufuo wa bahari. Kikapu na mtungi vimerudi kuwa na kazi.

Chakula kiwe kimoja kwa wote. Kilichopikwa kisikae kwenye joto zaidi ya saa mbili kabla ya kuliwa, na Pwani ni joto. Vinavyofaa njiani ni ndizi, machungwa, chapati kavu, njugu karanga na viazi vitamu. Nyama ipikwe mkifika, iliwe hapo hapo. Katika sanduku la huduma ya kwanza msikose bandeji, sabuni, chumvi na sukari. Mtu akiharisha, mchanganyie lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe. Anywe kidogo kidogo. Akizidi kuwa mnyonge, apelekwe hospitali.

MICHANGO BILA AIBU

Hapa ndipo penye ugumu. Tumezoea harambee ambapo majina husomwa na watu kupiga makofi. Kwa safari hii tuliacha desturi hiyo. Mwenye pesa alete pesa, mwenye mahindi alete mahindi, na asiye na vyote viwili alete kazi: kupika, kuosha vyombo, kulinda mizigo, kuangalia watoto. Mweka hazina na mtu mmoja wa pili ndio wanaojua nani alitoa nini. Kikundi kizima husomewa jumla tu, na matumizi yote hadi senti ya mwisho. Kuficha majina si kuficha hesabu.

Pia kubalianeni mapema juu ya kitu kikivunjika. Themosi moja iliyopasuka karibu ituvunjie urafiki wa miaka. Siku hizi kila nyumba huweka kiasi kidogo katika mfuko wa kulipia vilivyoharibika. Zikibaki, tunanunua mwiko wa kikundi!

SOMO KUTOKA BAMBURI

Mkifika Haller Park, msiwaonyeshe watoto twiga na viboko tu. Waambieni mahali pale palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilianza kazi Bamburi mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kujaribu kupanda miti pale. Alijaribu aina 26, zikafaulu aina 3 tu, mmojawapo mvinje. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakalala tu bila kuoza. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo walikula majani makavu, kinyesi chao kikawa udongo, na udongo ukalisha miti mingine. Mwaka 1984 pakafunguliwa kwa wageni.

Sisi tulijifunza hivi: kilichobaki kwa mmoja si takataka, kama yupo wa kukipokea. Kwa hiyo safari ikiisha, tunaacha kikapu katika jiko la mahali tulipolala kwa ajili ya familia zitakazofuata. Tunaweka chumvi, sabuni, unga, kiberiti na majani ya chai. Kanuni ni mbili. Pakiti iwe haijafunguliwa, na tarehe ya kuharibika isomwe kwanza. Dawa na maziwa ya mtoto hatuachi kamwe. Usimwachie mwenzako kitu ambacho usingempa mtoto wako.

YULE MAMA ALIRUDI

Safari ya tatu tulimwendea mapema, si kumwalika kama mgeni bali kumwomba kazi. Alikubali kusimamia jikoni. Alikuja na watoto wote wanne, mkeka mmoja na nusu debe la viazi vitamu, vikaliwa na watu wote. Hatusemi mambo yote yalinyooka. Nyumba moja ilikataa kuchangia chakula, ikala kando. Hatukuwalazimisha, ila watoto wao walipokuja na sahani tuliwapakulia kama wengine. Jioni baba yao aliuliza mahali pa kuosha vyombo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chenu, ni nani hajiandikishi safari, na je, mmewahi kumuuliza sababu kwa faragha?

2. Ni vitu gani mlibeba vingi kuliko haja, na vipi vilikosekana?

3. Kusoma majina ya waliochanga kunajenga nini, na kunabomoa nini?

KAZI YA KUFANYA

Kabla ya mkutano ujao, kila nyumba iandike vyombo vitatu inavyoweza kuazimisha na kimoja ambacho haiwezi. Leteni karatasi hizo, mzisome pamoja, na orodha yenu ya pili itakuwa imekamilika. Mungu awabariki na awarudishe salama.