Nesitu na Kamera: Soma Uso, Anga Liache

Ukitoka Juba na kuvuka Nile, lami ya kilomita 192 inakushusha kusini hadi mpakani Nimule. Nesitu haiko mbali na mji. Ni njia panda ambapo anayekwenda Torit anakata kushoto. Malori na bodaboda havikosekani, mama chai naye yupo na jiko lake la mkaa. Kwa mpiga picha, darasa ndilo hilo.

1. Jua la utosi lina kanuni yake. Juba iko karibu nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana kivuli chako unakikanyaga. Wazee wa filamu walikuwa na hesabu rahisi: tundu la lenzi f/16, ISO 100, shata 1/125. Ukifungua tundu hadi f/8, peleka shata 1/500. Nyumba, malori na milima vitatoka safi. Ila usimpige mtu picha ya uso saa hiyo. Macho yake yatakuwa mashimo mawili. Mvute kivulini.

2. Kivulini, usikiamini kipimo cha kamera. Hapa ndipo wengi tunapoumbuka. Nilimpiga picha mama chai aliyekaa chini ya banda, nyuma yake barabara inawaka kwa jua. Nikaangalia kioo: barabara nzuri, glasi ya chai nzuri, na mahali pa mama pana kitu cheusi kilichovaa kitenge. Kamera haikuharibika. Ilifanya kazi yake, maana kipimo hutaka picha nzima iwe na wastani wa kijivu. Kikiona weupe mwingi nyuma, kinatia giza kila kitu, na mwenye ngozi nyeusi ndiye anayelipa.

Dawa ni mbili. Ya haraka: sogeza kitufe cha + na – hadi +1, au hata +1.7. Ya uhakika: weka kipimo cha nukta, kielekeze shavuni, kisha upige. Barabara nyuma itaungua iwe nyeupe kama karatasi. Iungue tu, hukuja kupiga picha ya barabara. Nilimpiga tena kwa f/2.8, ISO 400, shata 1/250, na mikunjo ya tabasamu lake ikaonekana.

(Tatizo hili la ngozi nyeusi kwenye picha ni la zamani. Miaka mingi maabara za filamu za rangi zilitumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, kupima kama rangi zimekaa sawa. Miongoni mwa waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitoki vizuri ni wenye viwanda vya chokoleti na fanicha za mbao!)

3. Ogopa turubai la buluu. Banda likiezekwa kwa turubai, mwanga unaopenya unampaka mtu rangi ya samaki aliyelala kwenye barafu. Mpangilio wa rangi wa otomatiki unababaika. Mpe mtu karatasi nyeupe aishike mahali atakapokaa, ipige picha, kisha iambie kamera kwamba huo ndio weupe. Nje kwenye udongo mwekundu, weka alama ya jua na uiache hapo. Otomatiki hupenda kuufifisha ule wekundu, na ndio uliokuvutia.

4. Bodaboda: igandishe au ikimbize. Kuigandisha, shata 1/1000. Kuikimbiza ni tamu zaidi: shata 1/40, ifuate kwa lenzi tangu inapotokea mbali, bonyeza huku mwili ukiendelea kuzunguka. Dereva atatoka wazi, vichaka nyuma vitakuwa michirizi. Kumi zitaharibika, moja itakufurahisha.

5. Jioni ni fupi. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja, kwa hiyo jua linazama karibu na saa kumi na mbili kamili. Mwanga wa dhahabu uwahi kuanzia saa kumi na moja. Likishazama, una kama dakika ishirini kabla ya giza. ISO 1600, kisha 3200, na shata isishuke chini ya 1/60 kama unashika kwa mkono. Chenga kwenye picha zinavumilika. Uso uliotikisika hauponi. Flashi iache mkobani, moto wa jiko la mkaa unatosha.

6. Vumbi. Usibadilishe lenzi kando ya barabara. Basi.

7. Askari, vizuizi, madaraja, uwanja wa ndege: mpangilio sahihi ni kamera kuzimwa na kukaa mkobani. Kwingine beba kibali chako cha kupiga picha, na omba ruhusa kwa mdomo kabla ya kuinua lenzi.

8. Onyesha ulichopiga. Yule mama nilimgeuzia kioo aione picha ya pili. Akaisogeza karibu, akaichungulia muda mrefu. Nikasubiri sifa. Akanyoosha kidole kwenye pembe ya picha, kisha akaichukua ile glasi, akaisuuza upya, akaketi na kuniashiria nirudie.