SOMO: CHAKULA CHA JIONI CHA WASHINDI WA MITUMBWI NA MATEMBEZI YA WAGENI MJINI BABATI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kwamba somo la toleo hili linahusu maandalizi ya chakula cha jioni cha kuwatunuku washindi wa mashindano ya mitumbwi, pamoja na matembezi ya wageni siku inayofuata. Mfano uliochaguliwa ni mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Msomaji wa visiwani asishangae kuona mji wa bara umetajwa. Babati ina ziwa mlangoni pake, ina wavuvi wenye mitumbwi, na imo katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Zaidi ya hayo, ziwa hilo lina viboko, na jambo hilo peke yake linatosha kubadili ratiba nzima.

1. Tofauti na desturi ya pwani

Pwani tumezoea resi za ngalawa na majahazi. Unguja zimekuwa sehemu ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoasisiwa mwaka 1997, na Lamu huandamana na sherehe za Maulidi. Huko chombo husukumwa na upepo, na watu hukusanyika ufukweni hadi jua lizame. Katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, timu za wanaume na za wanawake hushindana kwa kupiga makasia. Mtumbwi wa Babati nao ni chombo cha kazi: ndio umpatiao mvuvi perege na kambare, na ndio umchukuao mgeni kwenda kuwatazama viboko kwa mbali. Mwenye kuandaa mashindano akumbuke basi kwamba anaazima kitendea kazi cha mtu, na siku ya mtu.

2. Mahali na saa

Kishawishi cha kwanza cha kamati yoyote ni kutandika meza kando ya ziwa, taa zikimulika juu ya maji. Kwa Babati jambo hilo lisifanywe. Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hupanda nchi kavu kula majani. Akimkuta mtu amesimama baina yake na maji, hushambulia bila ya onyo. Mgeni aliyevaa nguo nzuri na kutoka nje kidogo kupunga upepo hatajua kwamba amekaa katika njia ya mnyama.

Inashauriwa, kwa hiyo, mashindano yafanywe asubuhi baada ya jua kupanda vizuri, na ufukwe uwe mtupu kabla ya machweo. Njia ya mitumbwi ipangwe na wavuvi wenyewe pamoja na maofisa wa wanyamapori, maana wao ndio wajuao makundi ya viboko hujilaza wapi. Kila mshindani avae jaketi la kujiokolea, na vyombo vya uokozi viwe tayari majini kabla ya mtumbwi wa kwanza kuondoka. Kibali cha Halmashauri ya Mji kiombwe mapema.

Chakula chenyewe kiandaliwe ukumbini, katikati ya mji. Jua la Babati huzama baina ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro kidogo, hivyo ni vyema wageni waalikwe baada ya sala ya Magharibi ili pasiwe na mtu wa kuinuka katikati ya hotuba. Mji huu una Waislamu na Wakristo, Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wabarbaig. Mchinjaji awe yule ambaye kila mgeni atakula alichochinja. Wali wa mchele wa Magugu, perege wa ziwani, nyama na mboga ni mlo wa heshima, na fedha yake hubaki mkoani.

3. Zawadi ni ya nani?

Hapa ndipo shughuli nyingi huharibika. Aghalabu mwenye mtumbwi si yeye apigaye kafi. Zawadi ikitangazwa kwa jina la chombo, mwenye chombo husema ni yake. Ikitangazwa kwa majina ya wapigaji kafi, wao husema chombo kimekwisha lipwa shukrani. Ugomvi huanzia mezani, ukaishia kwa balozi wa nyumba kumi.

Desturi ya uvuvi wa pwani inayo dawa yake: samaki hugawanywa kwa mafungu, na chombo kina fungu lake. Zawadi nayo igawanywe hivyo, kwa kiwango kilichoandikwa na kutiwa saini na pande zote kabla ya mashindano. Karatasi hiyo isomwe ukumbini kabla ya bahasha kufunguliwa.

Ikiwa zawadi ni nyavu, Ofisa Uvuvi azikague kwanza. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza baadhi ya zana, na itakuwa aibu kwa Serikali kumkabidhi mvuvi usiku wavu ambao asubuhi itabidi anyang'anywe.

Jambo la mwisho chini ya kifungu hiki ni posho. Mtu anayeshindana leo hakuvua leo. Aliyefika wa mwisho naye ana watoto wa kulisha. Kila aliyemaliza mashindano apate kitu, hata kama ni kidogo, na kitengwe katika bajeti kabla ya mapambo na muziki.

4. Nani aketi wapi

Imekuwa kawaida katika shughuli nyingi kwamba waheshimiwa huketi mbele, na wale waliotoa jasho husubiri nje hadi waitwe kupokea mkono wa pongezi. Huo si uungwana. Wapigaji kafi waketi mezani, wachanganywe na wageni, na wapakuliwe wakati mmoja na mgeni rasmi. Majina yao yasomwe kamili, kuanzia mtumbwi wa mwisho kupanda hadi wa kwanza. Hotuba zisizidi mbili. Mtu aliyeamka alfajiri hawezi kupigia makofi hotuba ya tano.

5. Matembezi ya wageni

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku ya pili ndiyo ya kupona mwenyeji. Mgeni ahimizwe kulala Babati na asiondoke usiku ule ule.

Asubuhi aanze na ziwa lenyewe, kwa mtumbwi wa mvuvi na kwa malipo yaliyokubaliwa. Aelezwe kwamba mwaka 1990 maji ya ziwa hili yalifurika hadi mjini, ili aone kwa nini wakazi huyatazama kwa mapenzi na kwa hadhari. Kisha apite sokoni, ambako atakuta mahindi na mbaazi za wakulima wa wilaya. Mlima Kwaraa ataukuta umesimama juu ya mji.

Mwenye nafasi zaidi ana njia tatu. Ya kaskazini, kuelekea Makuyuni, humfikisha Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kusifika kwa tembo na mibuyu, na mbele yake Hifadhi ya Ziwa Manyara, ya mwaka 1960. Ya kusini, kuelekea Kondoa, hupita Kolo, penye michoro ya kale ya mapangoni iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ya magharibi huenda Katesh, chini ya Mlima Hanang, wenye urefu unaozidi mita 3,400. Huko mgeni aende kwa adabu: tarehe 3 Desemba, 2023 maporomoko ya tope yaliua watu zaidi ya 80. Asiombe kuonyeshwa nyumba zilizozikwa. Anunue chakula kwa wenyeji na awape pole.

Muhtasari

Kwa kumalizia, kamati yoyote ijiulize maswali manne kabla ya kuchapisha kadi za mwaliko. Je, kuna mtu atakayekuwa ufukweni baada ya jua kuzama? Je, mgawanyo wa zawadi umeandikwa? Je, wapigaji kafi wana viti? Je, fedha ya mgeni itamfikia mvuvi? Ikiwa hata swali moja halina jibu, kadi zisubiri.

Kamati zitakazozingatia haya zitawapa washindi heshima wanayostahili, na wageni watatamani kurudi.