Ukifungua tawi Bujumbura, amua kwanza nani ana saini

Kampuni za Nairobi na Dar es Salaam zikifika Bujumbura, mara nyingi huja na muundo mzima wa makao makuu: mkuu wa masoko, mkuu wa rasilimali watu, mkuu wa kila kitu, wote wakiripoti kwa bosi aliye mbali. Kwa soko dogo huo ni mzigo. Kabla ya kutangaza nafasi hata moja ya kazi, kubalianeni nani ataamua hapa hapa mjini, na hadi kiasi gani cha fedha.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mafuta yakiadimika, jambo ambalo Warundi wamelizoea mno, nauli ya lori la kwenda Ngozi inaweza kupanda kati ya asubuhi na jioni. Meneja akilazimika kuomba idhini ya kuongeza faranga chache kwa kila kreti, na barua pepe ikapitia kwa watu watatu, jibu litafika mwenye lori ameshapakia mzigo wa mwingine. Mpeni kiwango chake, aandike sababu, mkague hesabu mwisho wa mwezi.

Dola nazo ni za kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo ununuzi na fedha viwe chini ya mtu mmoja. Anayeagiza malighafi bila kujua hali ya fedha za kigeni benki atawaahidi wateja mzigo usiokuja.

Kwenye mauzo, punguzeni ofisi za Rohero, katikati ya mji, ongezeni watu wa kuzunguka. Kampuni ya simu ya Viettel kutoka Vietnam ilipoingia Burundi mwaka 2015 kwa jina la Lumitel haikujifungia mjini, na ilifanya vizuri, kwani Warundi wengi wanaishi vijijini. Hata mjini kwenyewe, tangu soko kuu liungue Januari 2013, wafanyabiashara wametawanyika kwenye masoko mengine: Ruvumera, Kotebu na kwingineko. Kila upande upate msimamizi wake, mwenye pikipiki na daftari la madeni. Awe anajua Kirundi vizuri, na Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi pia. Kifaransa kitamfaa kwenye mikataba, ila deni halikusanywi kwa Kifaransa.

Na kama makao makuu hayako tayari kumwachia meneja wa Bujumbura saini, msifungue tawi. Tafuteni msambazaji wa hapa, mfanye naye kazi kwanza.